Kumtafuta nge wa nyika usiku: mwongozo kwa anayetoka Dar kwenda bara

Ukitoka Dar es Salaam kwenda bara kavu, nge wa kumheshimu kuliko wote ni yule mwenye magando membamba na mkia mnene. Hiyo ndiyo sura ya jenasi Parabuthus, iliyopewa jina na mwanazoolojia Mwingereza Pocock mwaka 1890. Ina spishi zaidi ya 30, zote za Afrika na rasi ya Arabuni. Nyingi zimejaa kusini-magharibi mwa bara letu, Namibia na Afrika Kusini. Kundi jingine liko Pembe ya Afrika na kushuka hadi Kenya na Tanzania. Kwa mkazi wa Dar, nyika yao ya karibu ni ile iliyo nyuma ya milima ya Usambara na Upare, ambako milima huzuia mvua ya bahari: Same na Mkomazi, hadi Tsavo ng'ambo ya mpaka. Pwani yenye unyevu si kwao.

Mwongozo huu ni wa kumwona, kumpiga picha zinazotosha kumtambua, kisha kumwacha pale pale. Kukamata au kusafirisha wanyamapori hai bila kibali ni kosa kisheria, na hata bila sheria hakuna sababu ya kumtia nge huyu kwenye kopo. Picha nne nzuri zinasema zaidi ya nge aliyekufa njiani ndani ya chupa ya maji.

Magando na mkia

Anza na magando. Nge mwenye magando mapana, yenye misuli, huvunja mawindo kwa magando hayo, na mara nyingi sumu yake si kali sana. Nge mwenye magando membamba hutegemea sumu. Tanzania tunaye Pandinoides cavimanus, nge mkubwa mweusi mwenye magando mapana yenye wekundu. Akionekana kijijini kila mtu hukimbia, ilhali mwiba wake huuma sana lakini kwa kawaida si wa kuua. Yule wa manjano mwenye magando membamba ndiye watu humsukuma kwa kidole cha mguu ndani ya kandambili. Hilo ni kosa kubwa. Kanuni ya magando hupima hatari kwa jicho la haraka tu. Haibadilishi umbali wa kusimama, kwa sababu sumu hutofautiana hata ndani ya jenasi moja.

Kisha mkia. Wa Parabuthus ni mnene kuanzia kwenye shina lake, pingili tano nzito, na mwishoni kifuko cha sumu chenye mwiba uliopinda. Alama inayokata shauri iko juu ya pingili mbili za kwanza: kuna eneo lenye chembechembe ngumu kama msasa. Nge akikasirishwa huburuta ncha ya mwiba wake juu ya eneo hilo na kutoa sauti ya kukwaruza inayosikika kwa sikio la kawaida. Ukiisikia, rudi nyuma hatua mbili. Ni onyo la mwisho kabla ya kudunga.

Wapo wa kumchanganya naye. Hottentotta trilineatus naye ana magando membamba, lakini mgongo wake una matuta matatu yanayokwenda kwa urefu, wakati Parabuthus ana tuta moja tu katikati, tena hafifu. Isometrus maculatus, anayepatikana kwenye miji ya bandari ya nchi za joto duniani kote, ni mdogo, mwenye madoadoa, mkia mrefu mwembamba, na chini ya mwiba wake kuna kijino kidogo. Kijino hicho Parabuthus hana. Kwa hiyo ukimwona nge mwembamba mwenye madoadoa nyuma ya kabati Magomeni, usitangaze kwamba nge wa nyika wamefika mjini.

Rangi isikudanganye. Wengi wa Afrika Mashariki ni wa manjano au hudhurungi, baadhi wana ncha ya mkia iliyokolea. Lakini nge mchanga aliyejivua gamba juzi huwa mweupe, na mkubwa wa spishi ile ile huwa na rangi nyingine kabisa. Majina ya spishi za kwetu nayo yamepangwa upya mara kadhaa. Wote waliokuwa wakiitwa spishi moja, Parabuthus liosoma, wametenganishwa. Kwa picha ya simu, ishia kwenye jenasi.

Tochi

Gamba la nge hung'aa kijani-buluu likipigwa na mwanga wa urujuanimno, ule wa taa ambazo madukani huitwa UV. Hakuna njia bora kuliko hii ya kumtafuta. Nge ambaye kwa tochi ya kawaida ungempita kwa hatua moja, kwa UV unamwona akiwa mbali, na anayeonekana mbali hakanyagwi.

Kariakoo tochi za UV zipo, nyingi zimekusudiwa kukagua noti bandia. Uliza urefu wa wimbi: nanomita 365 au 395. Ya 395 ni rahisi kuipata na hufanya kazi, lakini hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, na zambarau hiyo humeza mng'ao wa nge. Utamwona kwenye mita 2 au 3 tu. Ya 365 yenye kioo cheusi cha kuchuja mbele hukuonyesha nge kwenye mita 5 na zaidi. Maandishi ya boksi si ya kuaminiwa. Ingia pembe ya giza ya duka, elekeza tochi kwenye ukuta usio mweupe sana. Ukuta ukigeuka zambarau tupu, hiyo ni 395 hata kama boksi limeandikwa 365. Karatasi nyeupe haikusaidii kupima, kwa sababu huwekewa kemikali ya kuing'arisha na itawaka kwa tochi zote mbili.

Betri ndizo huharibu safari nyingi. Tochi nzuri hutumia betri ya kuchaji aina ya 18650, volti 3.7. Uwezo wa kweli wa betri hiyo ukomo wake ni kama mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, imeandikwa uongo, na tochi itazima ukiwa korongoni. Ipime kwenye mizani ya jikoni. Betri halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, bandia ni nyepesi mno. Beba mbili zilizojaa, na usiziweke mfukoni pamoja na sarafu au funguo, zikigusana ncha zinaweza kuwaka moto.

Pamoja na hiyo unahitaji taa nyeupe ya kufunga kichwani. Hii si ya hiari. UV humwonyesha nge lakini haimwonyeshi kifutu, na kifutu ndiye anayelala kimya pembeni ya njia hiyo hiyo unayoipita. Watu waliojaza macho kijani cha nge wamekanyaga nyoka. Atembeaye na UV peke yake amejifunga kitambaa usoni.

Viatu viwe vya ngozi au mpira mgumu, vifunike kifundo cha mguu. Suruali nzito, mipindo ndani ya soksi. Miwani ya plastiki ya fundi hukinga macho na mwanga wa UV unaorudi kutoka kwenye mawe meupe. Tena huko kusini mwa Afrika Parabuthus transvaalicus huweza kurusha sumu hewani hadi karibu mita 1, hivyo mazoea ya kukinga macho mbele ya jenasi hii ni mazoea mazuri. Glovu za nini, kama hutamshika?

Mwisho, fimbo ya mita 1.5 iliyofungwa rula ya sentimita 15 kwenye ncha yake. Kazi yake utaiona kwenye picha.

Usiku wa kwenda

Nge hawa hupungua sana nje mwezi unapokuwa mkubwa. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kipimo tayari: kuanzia tarehe 20 mwezi huchelewa kuchomoza hadi kama saa 4 usiku, na jioni zote kuanzia hapo mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata zina giza la kutosha. Tarehe 10 hadi 17 baki nyumbani.

Majira ni vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua ya kwanza ikishatua na kumbikumbi wakaruka, nge hutoka kula. Masika nayo ni nzuri, ila barabara za vumbi za Same hugeuka matope na gari dogo la kukodi halifiki. Juni hadi Agosti usiku wa huko ni wa baridi na upepo, utazunguka saa nzima uone mmoja au usione kabisa.

Toka saa 1:30 usiku, giza likishakamilika, na urudi kabla ya saa 4:30. Saa za mwanzo ndizo nge wengi huwa wamesimama mlangoni mwa shimo au hatua chache kutoka hapo.

Ruhusa kwanza. Usitembee na tochi ya zambarau kwenye ardhi ya watu bila wao kujua. Kijijini utadhaniwa mwizi wa mifugo, na huwezi kuwalaumu. Fika mchana kwa mwenyekiti wa kitongoji, toa shikamoo, eleza unachotafuta na uonyeshe tochi inavyofanya kazi. Mara nyingi mzee wa hapo au kijana mfugaji atakuambia papo hapo nge wako wapi na nani aliumwa wapi, habari ambayo hutaipata kwingine. Mlipe kijana mmoja akuongoze. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi usiku hauendi kwa miguu bila askari wa hifadhi. Hata nje ya mipaka, tembo huvuka, na mwongozaji ndiye anayejua wamelala upande gani.

Kutembea na kutazama

Nendeni wawili au watatu. Wa mbele ana taa nyeupe iliyopunguzwa, anaangalia mita 2 mbele ya miguu. Wa pili ana UV. Piga hatua tatu, simama, pitisha mwanga taratibu kutoka kulia hadi kushoto, kisha hatua tatu tena. Anayetembea huku anapepesa tochi hukosa nusu ya nge, kwa sababu mng'ao wa aliyejificha nyuma ya nyasi huonekana kwenye pembe moja tu.

Tazama zaidi mashina ya vichaka na migunga midogo, kingo za ardhi tupu zinapokutana na majani, kuta za makorongo, na kandokando ya magogo. Shimo lao mdomo wake una umbo la yai lililolala, upana zaidi ya kimo, mara nyingi kukiwa na udongo uliotupwa mbele. Shimo la duara kamili huwa la mdudu mwingine au la panya.

Vitu vingine hung'aa pia: vipande vya plastiki, uzi wa nailoni, mkojo wa panya, kuvu wa kwenye mawe na baadhi ya magome. Plastiki hung'aa buluu-nyeupe na kingo zake zimekatika. Mng'ao wa nge ni wa kijani-buluu uliotulia, na ukisubiri kidogo utaona pingili za mkia. Aliyejivua gamba karibuni hang'ai vizuri mpaka gamba likauke na kukomaa. Ndiyo maana kutoona kijani hakumaanishi mahali ni salama kukalia.

Ukimpata, simama mita 1.5 kutoka kwake. Nge husikia mtikisiko wa ardhi kupitia miguu yake, na vinyweleo vya kwenye magando humwambia hewa imesogea. Kukanyaga kwa kishindo au kumpulizia pumzi ni kumfukuza au kumtia hasira. Zima UV mara tu umeshajua alipo. Macho ya nge huathirika sana na mwanga huo, akipigwa nao kwa muda huhangaika na kuanza kukimbia, na anayekimbia gizani anaweza kuja upande wako. Tumia taa nyeupe hafifu, au nyekundu, na utaona ametulia.

Akiwa na watoto mgongoni, piga picha moja na uondoke. Nge huzaa watoto hai, na hao hupanda mgongoni mwa mama mpaka wajivue gamba la kwanza. Mama akishtushwa huwadondosha, na walioanguka mbali huliwa na siafu.

Picha nne

Picha ya kijani kinachong'aa inapendeza lakini haitambui nge. Kwa utambuzi, washa taa nyeupe kutoka pembeni, zima flashi ya simu kwa sababu huyeyusha matuta na chembechembe zote, na upige hizi: nge mzima kutoka juu, mkia kwa ubavu huku mwiba ukionekana vizuri, gando moja kwa karibu, na pingili mbili za kwanza za mkia kutoka juu, kwa ajili ya lile eneo la kukwaruzia. Hiyo ya nne ndiyo wengi huisahau, nayo ndiyo inayotenganisha.

Usisogeze mkono. Tumia ukuzaji wa simu mara 2, ukisimama pale pale mita 1.5, badala ya kuinama juu yake. Rula iliyo kwenye fimbo iweke pembeni mwa nge, sentimita 20 kutoka kwake, usawa wa ardhi. Watu huweka sarafu kwa vidole ili kuonyesha ukubwa, na mkia wa Parabuthus hufika mbele ya kichwa chake haraka kuliko unavyoweza kurudisha mkono. Ukubwa wa kawaida wa wa huku ni sentimita 5 hadi 10, mkia ukinyooshwa.

Andika papo hapo tarehe, saa, jina la kitongoji, aina ya udongo, na kama alikuwa shimoni, juu ya ardhi au kichakani. Ukipakia kwenye iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, usikubali jina la kwanza ambalo programu inapendekeza. Andika Parabuthus na uwaachie wataalamu.

Kupindua mawe mchana hatukushauri. Ukilazimika, kwa mfano unasafisha mahali pa hema, tumia kulabu ya chuma na uinue jiwe likiegemea upande wako, ili kilichopo chini kitokee upande wa pili. Kisha lirudishe jiwe kama lilivyokuwa, uso ule ule, kwenye alama yake ile ile. Unyevu uliopo chini ya jiwe moja umejengeka kwa miaka, na jiwe lililoachwa limepinduka ni nyumba iliyobomolewa.

Mahali pa kulala

Gesti au hema, kagua kwa UV kabla ya kuzima taa: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kona za bafu, mikunjo ya pazia. Dakika mbili zinatosha. Sogeza kitanda kisiguse ukuta, chomeka chandarua chini ya godoro pande zote, shuka lisiburute sakafuni. Viatu viwe ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiamka usiku, tochi kwanza, miguu baadaye. Kuni usiziokote kwa mkono mtupu gizani. Zisogeze kwa mguu wenye buti, ndipo uziokote.

Akikuuma

Maumivu huja mara moja na ni makali, yakifuatwa na ganzi na hali ya kuchomwachomwa. Kwa mtu mzima mara nyingi huishia hapo. Hatari ya Parabuthus ni kwenye neva na misuli: misuli kutetemeka yenyewe, macho kuzunguka au kope kulegea, mate kujaa mdomoni, kushindwa kumeza, kushtushwa na mguso au sauti ndogo, na mwishowe kupumua kwa shida. Dalili hizi huanza kwa kawaida ndani ya muda wa saa 4 za kwanza, kwa mtoto mapema zaidi. Mtoto mdogo apelekwe hospitali mara moja, hata akiwa anaonekana mzima, na atazamwe kwa muda wa saa 12 hivi.

Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Vua pete na saa. Laza kiungo kisichezeshwe. Parasetamoli gramu 1 kwa mtu mzima, au miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kama anaweza kumeza. Akianza kushindwa kumeza, usimpe chochote mdomoni. Mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa, usipoteze muda na jiwe jeusi. Pombe, vidonge vya usingizi na dawa kali za maumivu kama tramadoli haziruhusiwi kabisa, kwa kuwa zinaweza kuzima pumzi ambayo sumu tayari imeidhoofisha.

Mwambie daktari saa aliyoumwa, na umwonyeshe picha. Msisitizie kwamba huyu ni nge wa magando membamba na mkia mnene, na kwamba kinachotazamwa zaidi ni pumzi. Dawa ya sumu ya nyoka haisaidii kwa nge. Ile ya nge inayotengenezwa Afrika Kusini imetokana na sumu ya Parabuthus transvaalicus, na usitarajie kuikuta kwenye zahanati. Kwa hiyo chagua mapema, kabla hata ya kutoka Dar, hospitali ya karibu yenye oksijeni na mashine ya kusaidia kupumua, na ujue gari la kukupeleka huko usiku litatoka kwa nani.

Ukirudi na mzigo

Magunia ya mkaa, vitunguu na kuni ndiyo usafiri wa nge kutoka bara. Usiyaingize jikoni usiku ule ule uliofika. Yaache uani juu ya sakafu ya saruji, mbali na ukuta, na giza likiingia yazungushie UV, ukiinua kila kona kwa fimbo. Begi la hema lifungulie nje, likung'ute, kagua mishono ya ndani. Ukimkuta nge, mpige picha zile nne kwanza, kisha mfunike kwa beseni zito, weka tofali juu, na watoto wahame upande ule wa nyumba. Kumrudisha Same hakuwezekani na kumwachia huru Dar si sahihi. Tafuta afisa wanyamapori wa wilaya yako akuelekeze.